Seva ya akiba ilivyomwaga majina yote

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo tu, kampuni ilikuwa inahamisha barua pepe kwa mtoa huduma mwingine, mi nikapewa kukagua rekodi za DNS, yani orodha inayosema kila jina la domeini linaelekea wapi, kabla hatujagusa kitu. Seva zilikuwa mbili, kuu na ya akiba. Nikiwa nje ya mtandao wa ofisi nikaiomba kuu inipe zoni nzima, yani rekodi zote za domeini yetu, kwa AXFR, ombi la kunakili zoni yote, ikakataa, safi. Nikaijaribu na ya akiba maana watu wengi wanafunga mlango wa mbele wanasahau wa uani, na kweli ikamwaga kila kitu, majina yanashuka tu kwenye skrini, vpn, bakapu, database ya majaribio, mpaka anwani za ndani zinazoanza na 10 ambazo mtu wa nje hatakiwi kabisa kuziona.

AXFR sio kitu kibaya, ndo seva ya akiba inavyonakili zoni toka kwa kuu, shida ni pale anayeomba haulizwi yeye ni nani. Na BIND, programu ya kuendesha seva za DNS, kwa miaka mingi usipoandika allow-transfer, yani mstari unaosema nani aruhusiwe kunakili, ilikuwa inampa yeyote. Hii ya akiba hakuna aliyeiandikia.

Nikampigia bosi. "Si majina tu hayo, kuna paswedi hapo?" Nikamwambia bosi subiri nikuonyeshe jina moja. Kulikuwa na CNAME, rekodi inayoelekeza jina moja kwenye jina lingine, ya promosheni ya zamani, inaelekea kwenye huduma ya klaudi ambayo akaunti yake ilishafutwa ila rekodi ikabaki, yani mtu akienda pale akalichukua lile jina lililoachwa anaweka ukurasa wake chini ya domeini yetu, na cheti cha HTTPS anapewa vizuri tu, mteja anaona jina la kampuni, anaona kufuli, anaandika paswedi. Hili liliniuma kuliko lile la kwanza, maana anayeumia ni mteja ambaye hajakosea chochote.

Bosi akauliza, "Tangu lini?"

Tukafungua logi. Kulikuwa na anwani zisizo zetu zimeshachukua zoni, zaidi ya moja, na za nani hatukujua. Tukafuta ile CNAME palepale, tukaandika allow-transfer kwenye seva zote mbili, nikarudia AXFR ikagoma. Lakini majina yalishatoka, kwa hiyo barua pepe ikasubiri, tukaanza kupitia mashine moja moja kwenye ile orodha, ya kwanza ikiwa ile database ya majaribio.