Wa kutazamwa, wa kushinda

Alhamisi usiku, na bado nalisikia neno la shemeji. Ilikuwa Jumapili baada ya chakula, anamenya chungwa kwa kile kisu chake cha kukunja, ganda linashuka kamba moja bila kukatika, akasema macho yakiwa kwenye chungwa: "Shemeji, Barry alikuwa wa kutazamwa. Emmitt alikuwa wa kushinda." Akanimegea pande. Nikalipokea, nikala, na jibu sikuwa nalo.

Wiki hii kifungua mimba wetu amepata leseni ya udereva, mvua ya mawe imeondoka na paa la jirani, na baba yao amerudishwa zamu ya usiku. Yote nimeyapokea, yakapita. Neno la kwenye chungwa limekwama kooni kama mwiba wa samaki.

Mnaonisoma mnajua nimesimama wapi. Kukaa hapa Irving, ulipokuwa uwanja wa zamani wa Dallas Cowboys, kisha ukamtukuza Barry Sanders, mkimbiaji wa Detroit Lions, ni kuvaa jezi ya Simba ukaenda kukaa kibarazani Jangwani. Na mnajua pia nikisema mkimbiaji sisemi wa riadha. Nasema wa mpira wa Kimarekani, yule anayesimama nyuma ya kwotabeki, mpiga pasi wa timu, anakabidhiwa mpira mkononi, kisha anautafutia njia katikati ya majitu ya kilo 130 na zaidi.

Hesabu za shemeji ni hizi. Emmitt Smith wa Cowboys alicheza kuanzia 1990 hadi 2004, akakimbia yadi 18,355, na hadi leo hakuna aliyezifikia. Tachidauni za kukimbia, yaani mara alizoufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa goli, 164; pete za Super Bowl, fainali ya ligi, 3. Barry Sanders alicheza misimu 10, kuanzia 1989 hadi 1998, akaacha yadi 15,269, na katika mechi za mtoano timu yake ilishinda moja tu. Anachokiruka shemeji ni idadi ya mara walizobeba mpira: Emmitt 4,409, Barry 3,062. Gawanya, Emmitt anapata yadi 4.2 kila alipobeba, Barry 5.0. Tena chukua pengo lote la yadi lililo kati yao, 3,086, uligawe kwa zile mara 1,347 ambazo Emmitt alibeba zaidi: linatoka 2.3. Jibu hili lilinijia Jumatatu asubuhi nikiosha vikombe, na siku nzima nililiona kali.

Jumanne nikaona si la haki. Emmitt alimalizia Arizona, mwili umechoka, anabeba mpira mchana wa jua katika timu dhaifu, na miaka ile ilimshusha wastani kidogo. Barry hakuingia katika miaka hiyo kabisa. Julai 1999, akiwa na miaka 31, alituma faksi kwa gazeti la kwao Wichita kwamba amestaafu, wakati zilikuwa zimebaki yadi 1,457 tu kuifikia rekodi ya yadi ya Walter Payton wa Chicago Bears. Anayeondoka mapema hivyo hana uzee wa kumharibia hesabu.

Isitoshe wastani wenyewe unaficha jambo. Timu ina dauni 4, yaani majaribio 4, za kupata yadi 10, na ya 4 mara nyingi hutumika kuupiga mpira teke uende mbali, kwa hiyo za kufanyia kazi ni 3. Mkimbiaji anayepata 4, 4 na 4 amevusha timu. Anayepata 2, kisha akarudi nyuma 4, ameiacha timu dauni ya 3 ikidai yadi 12, na hapo kila mtu uwanjani anajua kinachokuja ni pasi. Walinzi wanaacha kumjali mkimbiaji na wanamkimbilia kwotabeki. Baadaye mkimbiaji huyo akichomoka yadi 50 mara moja, wastani unasafishika, lakini zile dauni zilizokufa hazirudi.

Barry alikuwa na tabia hiyo. Aliziacha yadi 2 za uhakika akiitafuta njia ya yadi 40. Waliojua kumzuia walikuwa na utaratibu. Mlinzi wa pembeni, wa upande ambao mchezo hauendi, asimfukuze. Abaki palepale mabega yakitazama mbele, kwa sababu Barry akikuta ukuta atageuka na kurudi upande huohuo. Anayemkabili apunguze mwendo hatua mbili kabla ya kumfikia, maana afikaye mbio hukumbatia hewa. Na macho yawe kiunoni, kwani miguu na kichwa cha Barry vilikuwa vinasema uongo. Tarehe 31 Desemba 1994, kwenye mtoano, Green Bay Packers walishika nafasi zao hivyo mchana kutwa. Barry alibeba mpira mara 13, na jumla yake ikawa yadi 1 chini ya sifuri. Lions walifungwa 16–12.

Kwa hiyo ndiyo, shemeji, lipo la kusema. Lakini "wa kutazamwa"? Alilitamka kama mtu anayesifia pazia.

Miezi mitatu kabla ya kipigo kile cha Green Bay, Septemba 1994, Barry alikuja hapahapa Texas Stadium usiku wa Jumatatu. Cowboys walikuwa mabingwa wa miaka miwili mfululizo. Akabeba mpira mara 40, yadi 194, na Lions wakashinda 20–17 katika muda wa nyongeza. Na ule ushindi mmoja wa mtoano, tarehe 5 Januari 1992, waliopigwa ni nani? Cowboys, 38–6, Emmitt akiwa upande wa pili. Mwishoni Barry anaingia katikati, anamezwa na kundi, unadhani mchezo umekwisha, kisha anatokeza mzima upande wa pili na kwenda yadi 47 hadi kwenye mstari. Lions hawakushinda tena mechi ya mtoano hadi Januari 2024. Miaka 32! Mtu mmoja anawezaje kudaiwa ukame wa miaka 32?

Na 1997 je? Mechi mbili za mwanzo alipata yadi 53 jumla. Baadaye wakamwekea fulubeki mbele yake, Tommy Vardell, wa kumfungulia njia, na mechi 14 zilizobaki akavuka 100 katika kila mojawapo. Ukizijumlisha hizo 14 unapata 2,000 kamili. Msimu ulifungwa na 2,053. Kumbukeni kwamba mwanzoni mwa miaka ya tisini Lions walikuwa wakitandaza wapokeaji wanne na kumwacha Barry peke yake nyuma, bila fulubeki. Emmitt muda wote ule alikuwa na Daryl Johnston akimtangulia kama mtu anayefyeka majani mbele ya msafara.

Tena Barry hakuwa mtu wa kujionyesha. Mechi ya mwisho ya msimu wake wa kwanza, 1989, alibakiwa na yadi 11 tu kumpita Christian Okoye, yule Mnaijeria wa Kansas City aliyekuja Marekani kurusha kisahani, ili awe wa kwanza katika ligi nzima. Kocha akamuuliza kama anataka kurudi uwanjani, akakataa. Mechi ilikuwa imeshashikwa. Okoye 1,480, Barry 1,470, na hivyo ndivyo vitabu vinavyosomeka.

Jana usiku, watoto wamelala, nilikwenda kutafuta silaha za kummalizia shemeji. Nikafungua mechi ya tarehe 2 Januari 1994, Cowboys na Giants kule New Jersey, nikidhani nitaona jinsi wazuiaji wa mbele wa Dallas, wanaomfungulia mkimbiaji njia, walivyombeba Emmitt mgongoni. Sikuona hilo.

Kabla ya mapumziko anakimbia yadi 46, anaangushwa, na bega la kulia linaachia kwenye kiungo. Kuanzia hapo mkono wa kulia ni wa kuvumilia tu. Fikirini maana yake kikazi. Mkimbiaji hufundishwa kuubeba mpira kwa mkono ulio mbali na adui: ukikimbilia kulia, mpira uwe kulia, upande wa mstari wa nje, na mkono wa kushoto ubaki huru kumsukuma mtu. Bega la kulia likishaumia, mpira lazima ukae kushoto kila wakati. Ukienda kulia unawapelekea walinzi mpira mkononi mwao, na mkono wa kusukuma huna. Kuanguka nako kunataka hesabu, uangukie upande gani. Alifanya hivyo kipindi chote cha pili na muda wa nyongeza. Mara 32, yadi 168, akadaka pasi 10 juu yake. Dallas walishinda 16–13, wakachukua kundi lao. Msimu huohuo ulianza yeye akiwa nje kwa mgogoro wa mkataba, na timu ileile, kwotabeki yuleyule, wazuiaji walewale, ikapoteza mechi mbili za mwanzo. Alipotia saini wakamaliza 12–4 na Super Bowl wakaibeba.

Nilizima runinga nikakaa gizani kidogo. Sikuwa na hasira tena. Nilikuwa nimemwonea Emmitt kwa miaka, kwa sababu tu jirani zangu wote wanampenda.

Halafu nikaanza kuangalia kitu ambacho huwa sikiangalii: mkimbiaji anafanya nini asipopewa mpira. Kwotabeki akirudi nyuma kupiga pasi, mkimbiaji ndiye kizuizi cha mwisho. Anasoma kuanzia ndani kwenda nje. Kwanza anamtazama lainibeka wa katikati, mlinzi wa safu ya pili, kwa sababu njia yake kwa kwotabeki ndiyo fupi. Huyo asipokuja, ndipo macho yanahamia kwa wa pembeni. Wengi hukosea hapo, wanamkimbilia wa pembeni kwa kuwa ndiye anayeonekana, na wa katikati anapita mlango wazi. Ukishamjua mtu wako unapiga hatua kumwendea, usimngoje, maana akikufikia mbio atakusukumia juu ya kwotabeki wako mwenyewe. Nyonga chini, mikono ndani kifuani pake, kichwa juu. Anayeinamisha kichwa hukwepwa. Emmitt alikuwa fundi wa kazi hiyo. Barry hakutegemewa kwayo, na karibu na mstari wa goli mara nyingi walimtoa wakaingiza mtu mzito.

Sasa, kama kazi ni hizo zote pamoja, kukimbia, kudaka na kuzuia, basi mimi na shemeji tulikuwa tunagombania watu wasio wenyewe. Mwenyewe ni Walter Payton wa Chicago. Misimu 13, 1975 hadi 1987, na mechi aliyokosa ni moja tu, katika mwaka wake wa kwanza. Yadi 16,726. Alidaka pasi 492. Alirusha pasi 8 za tachidauni, yeye, mkimbiaji. Aliwapiga walinzi vikumbo hadi wakawa wanajiandaa kwa maumivu wao. Hakupenda kutoka nje ya mstari kukwepa kuguswa. Aligeuka na kumwendea mtu. Novemba 1977, mwili una homa ya mafua, akakimbia yadi 275 dhidi ya Minnesota, na timu yake ikashinda kwa shida, 10–7.

Hapo ndipo jibu la chungwa lilipokuja, siku tatu baadaye. Payton alipata pete moja, Januari 1986, walipowapiga New England 46–10, na tachidauni hakufunga hata moja siku hiyo. Je, kabla ya hapo, misimu 10 mizima, alikuwa wa kutazamwa? Yule wa mwaka 1977 mwenye homa alikuwa hajawa wa kushinda bado? Mtu ni yuleyule. Kilichokuja 1985 ni safu ya ulinzi ya Bears, na ulinzi si kazi ya mkimbiaji. Shemeji, ulichopima ni timu.

Najua mtauliza habari za Jim Brown. Misimu 9 Cleveland, mara 8 kati ya hizo aliongoza ligi kwa yadi. Mechi 118 hakukosa hata moja, yadi 12,312, ambazo ni 104.3 kwa mechi, na hilo hakuna aliyelifikia. Misimu yake minne ya kwanza ilikuwa na mechi 12 tu, na iliyobaki 14. Mwaka 1963 alipata 1,863 katika mechi hizo 14. Akastaafu kiangazi cha 1966, ana miaka 30, yuko Uingereza anaigiza filamu. Kwa kubeba mpira tu, namweka juu ya wote, hata juu ya Barry wangu, na kuliandika hilo kumenigharimu. Lakini kuzuia hakukuwa kazi aliyoipenda. Nikiambiwa nichague mmoja wa msimu mzima, mvua na barafu, mpira anao au hana, nampigia simu Payton.

Jumapili nitamwambia shemeji. Nitamwanzia na Emmitt na lile bega, kwa sababu nadaiwa hilo, ndipo niingie Payton. Barry nitamwacha mwisho. Au sitamtaja kabisa, maana ukweli ni kwamba nimemtazama kuliko wote, na pale shemeji hakukosea.

Jumamosi mtoto anaendesha peke yake kwenda kazini kwa mara ya kwanza, saa kumi na moja na nusu alfajiri, barabara ya 183, na wametangaza mvua. Tairi la nyuma kushoto linapungua upepo kila baada ya siku mbili. Nimelizungusha lote kwa tochi na msumari sijauona.