Siku yangu moja hifadhi ya Arusha, mwezi wa saba

Saa 11 alfajiri niko macho. Arusha mwezi wa saba ni baridi ya kung'ata, nje manyunyu, mlima Meru hauonekani kabisa. Chai, chapati, nacheki oili na tairi, natoka.

Saa 12 na nusu nachukua wageni, familia ya Dar, mama kajitanda khanga juu ya sweta. "Kaka, huku jua linatokaga saa ngapi?" Nikamwambia mama, haya mawingu yametoka kwenu. Na ni kweli, huu ni msimu wa kusi, upepo unatoka baharini na unyevu wake, ukifika kwenye Meru, mita 4,566, unalazimika kupanda, huko juu unapoa unyevu unageuka wingu na mvua, ndo maana upande wa kusini na mashariki kuna migomba, kahawa na msitu, ila ukizunguka kaskazini kuelekea Ngare Nanyuki mvua inakua imeshaisha njiani.

Saa 1 na nusu Usa River, tunakata kushoto mpaka geti la Ngurdoto. Ndani, kwenye uwanda wa nyasi unaoitwa Serengeti Ndogo, tukawakuta nyati, twiga, pundamilia, watoto furaha tupu.

Saa 3 na nusu tunapanda msituni kwenda kreta ya Ngurdoto, shimo kubwa la volkano ya zamani. Hapa ndo napapenda kuliko pote, ukungu umeingia katikati ya miti, matawi yameota nywele nywele za kijani zinadondosha maji hata kama mvua hainyeshi, mbega wamejikunyata juu na mikia yao mirefu myeupe inaning'inia. Kreta yenyewe ina upana wa kama kilomita 3, hairuhusiwi kushuka, unaangalia kutoka ukingoni. Tulisubiri sana wingu lifunguke, likafunguka, nyati wako chini kwenye majimaji.

Saa 6 tuko maziwa ya Momella na yaani ni dunia nyingine, jua, vumbi, mama kavua sweta. Ukingoni ardhi ina ungaunga mweupe, ni magadi, na kila ziwa lina rangi yake maana chemchemi za chini ya ardhi zinazoyalisha hazifanani. Haya maziwa yamekaa kwenye mabonde ya tope la mlima, maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki wa Meru uliporomoka ukamwagika mpaka huku. Flamingo walikuepo, sio wengi.

Saa 8 geti la Momella wingu likapasuka, ule ubavu uliobomoka ukaonekana na koni ya majivu, kilima kilichojengwa na majivu ya volkano, ndani yake. Mtoto wa kiume akauliza utalipuka tena? Nikamwambia mara ya mwisho ulitoa majivu kidogo 1910, volkano haijafa, imelala tu. Akanyamaza, afu akauliza tunaondoka saa ngapi.

Majirani zangu wengi hawajawahi kuingia humu na ni chini ya saa moja kutoka mjini, inaniuma kweli. Njooni jamani, ila bebeni sweta hata kama mtaishia kulivua Momella.

Saa 11 nimewashusha mjini. Kesho nina watu wa kutembea kwa miguu na askari wa hifadhi hadi maporomoko ya Tululusia, nimeshawapigia wavae buti.