Mimi Ni Nani Niibishie Makala?

“Shangazi, kama imechapishwa katika jarida la kimataifa, mimi ni nani niibishie?” Maneno hayo ya binti wa kaka yangu hayajanitoka wiki nzima. Aliyasema kwa adabu, akinionyesha makala kuhusu gugu maji, mmea unaoelea na kutanda juu ya maji, la Ziwa Victoria, aliyotaka kuitegemea katika tasnifu yake, na adabu hiyo ndiyo iliyoniuma.

Kuchapishwa peke yake si ushahidi. Mwaka 2013 mwanahabari John Bohannon alieleza jinsi alivyoyapelekea majarida 304 makala ya kubuni yenye kasoro za wazi, na 157 kati yake yakaikubali. Jina kubwa nalo si kinga, kwani makala ya daktari Andrew Wakefield iliyohusisha chanjo ya surua na usonji ilitoka katika jarida la tiba la The Lancet mwaka 1998 na haikufutwa hadi 2010. Hii aliyonionyesha mpwa wangu haikusema maji yalichotwa sehemu gani ya ziwa wala msimu gani. Msichana aliyekulia Dunga, ufukweni mwa ziwa hilo, anayejua kwamba upepo ukigeuka gugu huhama usiku mmoja, ana haki zote za kuuliza wapi na lini!

Juzi alinipigia simu usiku, sauti imejaa furaha: “Shangazi, kumbe wanabishana!” Alikuwa amekuta katika jarida la Aquatic Botany watafiti waliosema mwaka 2005 kwamba gugu lilipungua hasa kwa sababu ya mawingu mengi ya El Niño ya 1997 na 1998, na wengine waliowajibu mwaka 2007 kwamba kazi hiyo ilifanywa na wadudu waitwao fukusi waliopelekwa ziwani kulila. Sasa anauliza nani alipima eneo lililofunikwa, na kwa njia gani. Nilifurahi mno.

Hata hivyo, makala hizo amesoma ikisiri tu, yaani muhtasari wa mwanzoni, kwa kuwa sehemu zilizobaki ni za kulipia, ilhali ile dhaifu ya kwanza alipewa nzima bila malipo, jambo ambalo naliona ni dhuluma kwa wanafunzi wetu. Nimemshauri awaandikie waandishi wenyewe kuomba nakala. Sura ya tasnifu yake inatakiwa mwisho wa mwezi, na sijui kama watajibu mapema.