Habari za mji zilivyorudi mikononi mwangu

Nafanya zamu za usiku hapa Columbus, Ohio, kwa hiyo habari za jioni za mji nazikuta asubuhi, zikiwa zimerekodiwa kwenye king'amuzi cha kampuni ya kebo. Humo ndimo nilimohifadhi dakika mbili za kwaya ya shule ya binti yangu. Kila mgeni aliziona, hata asiyetaka.

King'amuzi kikafa. Fundi akaleta kingine, akachukua kile. Nikamwomba walau diski. Akasema haitanisaidia: diski ni nzima, ila rekodi zimefungwa kwa ufunguo ulio ndani ya king'amuzi kilekile. Ukiichomeka kwenye kompyuta huoni kitu. Na nilikuwa nakilipia kodi kila mwezi!

Kazini nikamlalamikia jamaa mmoja Mkongo. Akacheka. "Kaka, habari za mji zinapita bure hewani. Unazifuatia nini kwenye kebo?"

Kweli bwana. Nikanunua antena bapa ya dirishani na kifaa kidogo cha USB cha kunasa mawimbi, nikaweka MythTV, programu ya bure ya kurekodi TV, kwenye kompyuta ya zamani. Antena ilinisumbua wiki nzima. Dirisha la jikoni halikushika kitu, la chumbani likashika karibu vyote. Saa moja ya picha safi hula karibu GB 7, lakini faili ni langu, nalinakili nipendavyo.

Baadaye ndipo nikajua uhuru huu uliponea chupuchupu. Mwaka 1984, katika kesi ya Betamax, mashine ya Sony ya kurekodi TV kwenye kanda za video, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba kurekodi kipindi nyumbani ili ukitazame baadaye si kosa. Halafu mwaka 2003 tume ya mawasiliano, FCC, ikapitisha kanuni ya kulazimisha vifaa vya kupokea TV ya kidijitali vitii alama iliyofichwa ndani ya matangazo, ya kuzuia vipindi visisambazwe ovyo, kuanzia Julai 2005. Vyama vya maktaba vilikuwa miongoni mwa waliokwenda mahakamani, na Mei 2005 kanuni ikafutwa, miezi miwili tu kabla. Maktaba, si wauza TV!

Sasa kuna mfumo mpya wa matangazo, ATSC 3.0, na baadhi ya vituo vimeanza kufunga mawimbi yake kwa ufunguo. Ule wa zamani bado uko wazi. Nimenunua diski ya pili.