Nilivyotoa vyombo vyangu Kilindini niliporudi kutoka Maskati

Mtu akihama kabisa na kurudi nyumbani, vyombo alivyokuwa akivitumia katika makazi yake ya zamani havitozwi ushuru. Hilo limeandikwa katika Jedwali la Tano la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, na ndiyo sheria inayofuatwa Kilindini, bandari ya Mombasa. Nalitaja mwanzo kabisa kwa sababu nimewaona wenzangu, wanawake waliolea watoto wa watu na kuuguza wagonjwa Uarabuni miaka na miaka, wakilipia kodi friji na makabati yao wenyewe kwa kuwa hakuna aliyewaambia. Wengine waliviuza huko huko kwa bei ya kutupa wakiogopa kodi ya Mombasa. Linaniuma jambo hili. Mimi nilikuwa muuguzi Maskati, nikarudi na vyombo vya nyumba nzima, na nitaeleza nilivyofanya.

Kwanza tuone ningetozwa nini lau si msamaha huo. Bidhaa nyingi zilizokamilika hutozwa ushuru wa 25% au 35%. Thamani inayohesabiwa ni bei ya kitu pamoja na nauli ya meli na bima hadi kufika Mombasa. Tuseme jumla yake ni shilingi 1,000,000 na kiwango ni 25%: ushuru ni 250,000. Kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya 16% hupigwa juu ya thamani ikishajumlishwa na ushuru, yaani 1,250,000, nayo inatoka 200,000. Ada ya tamko la uagizaji, 2.5%, ni 25,000. Tozo ya reli, ambayo ilipandishwa hadi 2% mwishoni mwa 2024, ni 20,000. Jumla shilingi 495,000. Karibu nusu ya thamani ya vyombo, na hapo hujalipa bandari, hujalipa meli, hujalipa lori.

Sharti kubwa la msamaha ni kwamba vyombo viwe vimetumika nyumbani kwako, na vije kwa matumizi yako. Kilicho kipya ndani ya boksi lake kitaulizwa, na cha kuuza hakimo kabisa. Vitambaa vya jora sheria imevitaja waziwazi kuwa havisamehewi. Pombe, tumbaku na manukato vina mipaka yake: abiria anaruhusiwa manukato na maji ya kunukia yasiyozidi nusu lita kwa jumla, na manukato yenyewe yana kikomo kidogo zaidi. Kwa sisi tunaorudi na chupa za atari za kugawia ukoo mzima, hilo ni la kujua mapema.

Shangazi yangu wa Majengo alinipigia simu nikiwa bado nafunga mizigo. "Mwanangu, niletee jora mbili za kitambaa cha madira. Zitie ndani ya kabati, nani ataona?" Nikamjibu, "Shikamoo shangazi. Nitaleta, lakini zitaandikwa na zitalipiwa." Hakufurahi siku ile, ila sikutaka jora mbili zitie shaka nyumba nzima. Afisa akikuta kitu kimoja kilichofichwa, ana kila sababu ya kutoamini na vile vya kweli.

Basi nikaandika orodha mbili. Ya kwanza ya vilivyotumika, ya pili ya vipya: jora za shangazi, blenda ya mama, na mazulia mawili niliyoyanunua siku za mwisho. Hizi za pili nilizifungia risiti zake. Orodha ya kwanza ndiyo iliyonichukua muda, na nasema kwa yakini kwamba ndiyo iliyoniokoa. Sikuandika "vyombo vya jikoni" nikaishia hapo. Nilikwenda chumba kwa chumba: friji ya milango miwili, chapa yake, namba iliyo nyuma, mwaka nilioinunua, bei niliyoinunulia, thamani yake ya sasa. Kitanda cha mbao, futi tano kwa sita. Cherehani ya umeme na sanduku lake la nyuzi. Kila boksi lilipewa namba kwa kalamu nene pande mbili, na namba hiyo ikaandikwa kwenye orodha mbele ya kila kilichomo. Kabla sijang'oa chochote nilipiga picha za vyumba, friji ikiwa na maziwa ndani, cherehani ikiwa na nguo chini ya sindano.

Ushahidi wa kuhama ni karatasi nyingine. Nilikusanya barua ya hospitali ya kumaliza kazi, mkataba wa nyumba niliyopanga, karatasi ya kufutwa kwa ukaazi wangu Oman, na nakala za kurasa zote za pasipoti zenye mihuri. PIN yangu, yaani namba ya mlipa kodi ya KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya, nilihakikisha inafanya kazi nikiwa kule kule, maana bila PIN tamko la forodha haliendi popote.

Jambo la jina nalo wengi hulipita. Kitambulisho changu cha ukaazi kiliandikwa kwa mtindo wa kule, jina la baba na la ukoo yakiwa na tahajia tofauti na ya pasipoti ya Kenya. Kampuni ya usafirishaji ilitaka kunakili kutoka kwenye kitambulisho hicho. Nikakataa, nikasimamia kwamba hati ya shehena iandikwe jina kama lilivyo kwenye pasipoti na PIN, herufi kwa herufi, na kwamba mzigo uelezwe kuwa ni vyombo vya nyumbani vilivyotumika. Nikaomba nakala niisome kabla meli haijaondoka. Kurekebisha hati ya shehena baada ya meli kutia nanga ni gharama na ni siku, na siku bandarini ni pesa.

Nilishauriwa kuchangia kontena na watu wengine ili nauli ipungue. Sikukubali. Mzigo wa mmoja ukizuiliwa, wenzake wote wanangoja. Nikachukua kontena la futi 20 peke yangu. Shehena za Maskati siku hizi hupakiwa Sohar, kwa kuwa meli za mizigo zilihamishiwa huko mwaka 2014 kutoka bandari ya Sultan Qaboos, kwa hiyo kuna safari ya lori ya kuhesabia. Bibi zetu walipokea masanduku ya Maskati yakishushwa jahazini pale Bandari ya Kale, pepo za kaskazi zikivuma. Sisi tunafuatilia namba ya kontena kwenye simu.

Gari nililiuza kule. Sheria inamruhusu anayehamia huku kuleta gari moja alilolimiliki na kulitumia nje kwa angalau miezi 12, lakini magari ya Oman yana usukani kushoto, na Kenya haisajili gari la usukani kushoto. Na gari lililopita miaka minane halikubaliwi. Mche wa ndimu niliokuwa nimeupanda kwenye chungu nilimwachia jirani: mmea unataka kibali cha KEPHIS, shirika la Kenya la ukaguzi wa afya ya mimea, kabla haujasafiri.

Muda pia una sheria yake. Mizigo inayokuja nyuma ya abiria inatakiwa ifike ndani ya siku 90 tangu yeye mwenyewe alipoingia nchini. Kamishna anaweza kuongeza muda ukimwomba, ila mwisho ni siku 360. Nilipanga kontena litoke karibu na siku ya ndege yangu, na nilipotua uwanja wa Moi nilimweleza afisa wa forodha kwamba vyombo vyangu vinakuja kwa meli, nikaomba iandikwe kwenye fomu ya abiria. Nakala ya fomu ile ikaingia kwenye faili.

Maombi ya msamaha na tamko la forodha hupitia mfumo wa KRA unaoitwa iCMS, na anayeingia humo ni wakala wa forodha mwenye leseni. Wa kwanza niliyeonana naye alisema, "Dada, nipe laki tatu tu, mambo yote yaishe, usijisumbue na makaratasi." Nilimuuliza katika hizo laki tatu za KRA ni ngapi, za bandari ni ngapi, na zake ni ngapi. Hakunipa jibu, nikamshukuru nikaondoka. Bei ya jumla isiyo na mchanganuo ndiyo inayowala wengi wetu, kwa sababu huwezi kujua kama msamaha wako uliombwa au ulilipishwa.

Wa pili alikuwa mama wa makamo, ofisi yake ghorofani karibu na Moi Avenue, leseni imetundikwa ukutani. Niliangalia mwaka, maana leseni hizo huisha kila 31 Desemba. Aliisoma orodha yangu mstari kwa mstari akiwa na kalamu mkononi, akanirudishia swali la thamani ya makochi, kisha akasema, "Mwanangu, kodi ya hivi vipya utailipa mwenyewe benki kwa namba ya malipo itakayotoka. Mimi utanilipa kazi yangu." Hapo moyo ukatulia.

Ukaguzi ulifanyika kwenye kituo cha makontena. Afisa aliisoma namba ya lakiri, akailinganisha na hati, ndipo ikakatwa. Milango ilipofunguka kilichotangulia kutoka ni harufu ya bizari na udi uliokaa kwenye mapazia. Akataja boksi namba 14. Likateremshwa, likafunguliwa: cherehani. Uzi wa buluu ulikuwa bado umo sindanoni, na kwenye ubao wake palikuwa na doa la mafuta lililokolea pale mkono wangu ulipokuwa ukipumzika. Akaipeleleza kidogo, akatia alama kwenye orodha. Akafungua friji, akapitisha kidole kwenye mpira wa mlango uliochakaa, akatia alama. Kisha akasimama mbele ya zulia.

"Mama, hili mbona bado limo kwenye nailoni?"

"Ni jipya, afisa. Liko orodha ya pili, pamoja na lile jingine, na jora mbili, na blenda. Risiti ni hizi."

Akaifungua orodha ya pili, akahesabu, akasoma risiti. Baada ya hapo hakutaka kufunguliwa maboksi mengi. Akachagua mengine machache, akasaini. Vipya vikahesabiwa kodi yake, namba ya malipo ikatoka, nikalipa. Vilivyotumika vikapita kwa msamaha.

Msamaha wa ushuru haugusi gharama nyingine, na ni vyema mtu awe na akiba. Nililipa ada za bandari, malipo ya kampuni ya meli na amana ya kontena, ada ya kituo, kazi ya wakala, na lori la kunifikishia Mikindani. Siku za bure za kuhifadhi kontena ni chache, na baada yake kila siku inahesabiwa, ya bandari peke yake na ya kampuni ya meli peke yake. Ukilirudisha kontena tupu kwa kuchelewa, amana inakatwa. Mzigo usioingiziwa tamko ndani ya siku 21 tangu kuteremshwa hupelekwa kwenye ghala la forodha, hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na usipotolewa ndani ya siku 30 za tangazo hilo huuzwa mnadani. Majina ya watu wetu wa pwani yamo kwenye matangazo hayo, na humo mna samani za nyumbani.

Faili lote ninalo bado: orodha mbili, risiti, hati ya msamaha, stakabadhi za benki. Jirani yangu alipoiona friji aliitaka, akanipa bei nzuri. Nikamwambia angoje, kwa sababu kilichoingia kwa msamaha ukimuuzia mtu asiye na msamaha huo kinadaiwa ushuru wake. Nikamwonyesha karatasi, akaelewa, akaenda kununua yake Biashara Street.