Debe la Ruthu

Wapendwa, Bwana asifiwe. Somo la juma hili ni Ruthu 2.

Ruthu alipoyapura masuke aliyookota tangu asubuhi, alipata kama efa moja ya shayiri (mst. 17). Efa ni lita 22 hivi: debe letu moja na kidogo juu. Kwa mgeni Mmoabi anayefuata nyuma ya wavunaji, hiyo ni nyingi mno. Sababu yake iko mstari wa 16. Boazi, mwenye shamba, aliwaagiza vijana wachomoe masuke kwenye miganda wamwachie aokote, wala wasimkemee. Kwa hiyo Ruthu alirudi nyumbani na jasho lake, bila kusimamishwa mbele ya watu.

Lakini mtazameni Naomi, mama mkwe wake. Katika sura ya 1 alikataa hata jina lake; aitwe Mara, yaani Uchungu, kwa kuwa Mwenyezi amemtenda mambo machungu. Hatusomi kwamba kuna mtu wa Bethlehemu aliyemhubiria. Alipoiona ile shayiri na kusikia jina la Boazi, mstari wa 20, kinywa kilekile kikatamka baraka ya Bwana. Imani yake ilirudi kwa mlango wa jikoni.

Hapa Dodoma mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na njaa hubisha hodi Januari hadi Machi, mtama ukiwa bado kijani shambani. Wanaoguswa kwanza tunawajua: mjane, mwenye ulemavu, bibi ambaye macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na majirani wakayapa maana nyingine. Hawa huwa hawaagi. Ahadi za sadaka zinasomwa kanisani kwa majina, jina la mmoja wao halimo. Jumapili inayofuata anakaa benchi la nyuma, kisha nje chini ya mwarobaini, kisha haonekani. Nasi tunasema amepoa kiroho.

Kosa letu kubwa ni kuchelewa. Tukigawa Februari, tayari ameshakwenda kibarua kwenye mashamba ya wengine apate unga wa siku, na la kwake limemezwa na magugu. Mwakani tutamkuta palepale. Chakula kitoke mwanzoni mwa Desemba, pamoja na mbegu: kilo 3 hadi 4 za mtama kwa ekari, wa aina inayokomaa mapema kama Macia.

Kosa jingine ni kuwapa wengi kidogo kidogo. Watu watano wanaokula ugali mara mbili kwa siku humaliza debe kwa siku nane au tisa, kwa hiyo Januari hadi Machi wanahitaji madebe kama kumi. Usharika wenye magunia kumi, yaani madebe sitini hivi, unaweza kuzivusha kaya sita. Ukizigawia kaya sitini, kila moja inapata wiki moja na kupigwa picha. Kuchagua sita kunauma, na maneno yatakuwepo. Hata Yerusalemu yalikuwepo, wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani waliposahauliwa katika mgao (Matendo 6). Wale saba waliochaguliwa wote wana majina ya Kiyunani, kama ya upande ulionung'unika. Basi kwenye kamati yenu akae pia mjane, si wazee wa kanisa peke yao.

Nafaka ikusanywe Juni na Julai. Kabla ya kuhifadhi, weka kiasi kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na kijiko cha chumvi kavu, tikisa, subiri robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, nafaka irudi juani. Ikiwa kavu, iingie kwenye mifuko ya kinga njaa, ile ya tabaka tatu, miwili ya plastiki ndani na mmoja wa nje: kamua hewa, funga kila mfuko wa ndani peke yake, usitie dawa, panga juu ya chaga mbali na ukuta. Mfuko unaofunguliwa kila wiki huingiza hewa na fukusi wanapata uhai tena. Ndiyo maana kila kaya ipimiwe mifuko yake tangu mwanzo, kila mmoja ufunguliwe mara moja tu, na mpokeaji mwenyewe.

Nafaka ipelekwe na watu wawili, jioni, bila kamera, na wasimuulize mpokeaji mbona haonekani ibadani. Mwenye nguvu apewe kazi ya kupepeta au kushona magunia, alipwe kwa nafaka. Na mifuko miwili ya ziada ibaki ghalani bila jina, kwa sababu kila Februari hujitokeza mmoja ambaye kamati haikumwandika.