Warukaji wa parachuti Pirates: nilivyoandaa na yaliyonikuta

Ndege niliipata ndani ya siku mbili. Kilichonila miezi miwili ni karatasi, maji ya bahari na mgeni rasmi, na huyo wa mwisho ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote.

Kikundi chetu ni cha vijana wa boti na waokoaji wa kujitolea pale Bamburi, Mombasa. Tangu 2021 Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuhimiza kinga dhidi ya watu kufa maji, nasi tukataka Jumamosi inayofuata tufanye tamasha la kuchangisha pesa za maboya na redio. Mmoja wetu akasema kwenye kikao kwamba watu wakisikia kuna binadamu atashuka kutoka mawinguni, watakuja hata wa Likoni na Mtwapa. Kikao kizima kikanigeukia mimi, kwa kuwa niliwahi kusimamia mashindano ya ngalawa. Ati ngalawa na ndege ni mamoja.

Wazo la kwanza la mahali lilikuwa bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari. Pazuri, watu wamezoea kwenda pale jioni kupunga upepo wakila mihogo na kachiri. Nikamtumia picha kiongozi wa warukaji, dada mmoja anayeruka kule Diani karibu kila wikendi. Akanijibu kwa maswali. Mibuyu ile ina urefu gani? Meli za kuingia Kilindini zapita saa ngapi? Na Ikulu ya hapo Kizingo, umeshawauliza wenyewe? Habari ya Mama Ngina ikaishia hapo. Tukahamia ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ule ambao sote twauita Pirates.

Kabla ya yote alinitumia mkataba wa kurasa mbili. Ukurasa wa pili ulikuwa na kipengele kimoja tu kilichopigiwa mstari: yeye, rubani au mtu wa ardhini, yeyote kati ya hao watatu, anaweza kusema hakuna kuruka, bila kujieleza, na gharama ya ndege italipwa vilevile. Meneja wa mdhamini wetu alipokisoma alivua miwani.

"Yaani ndege izunguke tu, mimi nilipe?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwa nini?"

Nikamwambia kwamba mrukaji anayejua halipwi asiporuka, siku ya upepo mbaya ataruka. Alikaa kimya, akapiga simu mbili, akatia sahihi. Mpaka leo naona saa ile ndiyo niliyofanya kazi ya maana kuliko zote, nami nilikuwa nimekaa kwenye kiti.

Sasa karatasi. Anga ya Kenya iko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, na Bamburi haiko mbali na uwanja wa ndege wa Moi. Huwezi kukodi ndege ukamwaga watu popote. Barua yangu ilibeba leseni za warukaji wanne, namba ya usajili wa ndege, leseni ya rubani, bima ya madhara kwa watu wengine, ramani ya ufuo yenye alama ya mahali pa kutua, futi watakazorukia na muda kamili. Lengo ni waongozaji wa ndege wajue, na marubani wengine watolewe ilani, ile inayoitwa notamu, kwamba saa fulani mahali fulani kuna watu wananing'inia hewani.

Hapo kwenye muda ndipo nilipotaka kuharibu kila kitu. Mimi nimezaliwa Mji wa Kale. Kwangu saa nne u nusu ni saa nne u nusu. Kwa dada wa Diani hiyo ni 10:30. Kwa watu wa anga, ambao dunia nzima hutumia saa ya UTC, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, ni 0730. Nilijaza 1030 kwenye nafasi ya UTC nikiwa na furaha kabisa. Maana yake ni saa saba u nusu mchana, wakati warukaji wangekuwa washamaliza wanakunywa madafu, na ilani ingewalinda watu wasiokuwepo. Rubani ndiye aliyeona. Hakunicheka, alisema tu, "Ndugu yangu, andika saa zote tatu kwenye karatasi moja, ubandike ukutani." Nikabandika jikoni. Mama yangu akaniuliza kama ni dawa ya kunywa mara tatu.

Polisi palikuwa pepesi. Sheria ya Utulivu wa Umma yataka mkuu wa kituo apewe taarifa si chini ya siku 3 wala si zaidi ya siku 14 kabla ya mkusanyiko. Mimi nilikwenda mwezi mzima mapema nikijiona hodari, nikaambiwa nirudi. Kwa KWS, shirika la wanyamapori, tulipita pia, kwa kuwa bahari ya mbele ya pale ni hifadhi tangu 1986 na tulitaka boti mbili zenye sakafu ya kioo zisimame nje kama boti za uokoaji.

Bwana wa moja ya boti hizo ndiye aliyetupindulia ratiba. Kamati ilikuwa imepanga warukaji washuke saa kumi alasiri, mgeni rasmi akiwa ameshiba. Nahodha akatazama juu kama anayehesabu, akaniuliza, "Siku hiyo mwezi ni wa ngapi?" Sikujua. "Utakuwa mchanga, mwanangu. Siku mbili tu tangu kuandama. Hiyo ni bamvua, maji makubwa. Saa kumi maji yako ukutani. Watu wako watatua wapi, juu ya majiko ya viazi karai?"

Nilikwenda kutazama jedwali la maji la Kilindini, na ndivyo. Kwetu hapa bamvua hujaa alasiri na kupwa asubuhi kuelekea adhuhuri, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Saa nne u nusu ufuo ungekuwa mpana kama uwanja wa mpira. Saa kumi usingekuwepo. Tena Julai ni kusi, upepo wa kutoka kusini. Asubuhi kusi bado linajinyoosha, alasiri linasukuma meza.

Basi nikarudi kwenye kamati na habari kwamba tukio kubwa litakuwa asubuhi na halitamsubiri mtu. Wanaojua shughuli zetu wataelewa uzito wa maneno hayo. Mgeni rasmi wetu hufika saa sita kwa shughuli ya saa tatu, na kila mtu hungoja. Nilibishana nao wiki nzima. Mwishowe nilitoa karatasi ya jikoni nikawaonyesha kwamba ilani ya marubani itafunguliwa 0700 na kufungwa 0800, na kwamba mnara wa Moi hauwezi kuzuiliwa na foleni ya Daraja la Nyali. Hilo liliwanyamazisha, ingawa mzee mmoja alinong'ona kwamba vijana wa siku hizi hawana adabu.

Siku yenyewe niliamka na manyunyu. Kufika saa moja mawingu yalikuwa yamekaa chini, meupe, mazito, na mrukaji haruhusiwi kupita kwenye wingu kwa sababu haoni kilicho chini yake. Tuliendelea kutayarisha. Tukazungusha kamba mahali pa kutua, katikati tukaweka msalaba wa kitambaa cha manjano. Kiondolewe tu, maana yake msiruke. Fundi wa Kisauni alikuwa ametushonea mfuko mwekundu wa kuonyesha upepo, tukautweka kwenye mlingoti wa ngalawa. Ngamia wa kupandwa na watoto tukawahamisha mbali. Mpiga picha wa arusi, aliyealikwa na sijui nani, alikuwa tayari anafungua droni yake. Nikamwomba airudishe begini, kwani hata droni zina kanuni zake tangu 2020, na siku hiyo anga haikuwa yake.

Kilichonishinda ni tiara. Mtoto wa miaka kama minane alikuwa na tiara ya gazeti na mkia wa karatasi ya nailoni, imepaa juu sana, uzi wake ukikata moja kwa moja juu ya kamba zetu. Uzi ule ukinasa mwamvuli hapana mchezo. Nilimwomba aishushe. Akakataa. Nikamnunulia mabuyu. Akala, akaendelea kurusha. Hatimaye nikamkabidhi kipima upepo na kumwambia kazi yake ni kunisomea namba kila dakika tano. Tiara ikashuka papo hapo.

"Kumi na moja!" "Kumi na mbili!" Tulikubaliana kikomo ni noti 15, yaani maili 15 za baharini kwa saa.

Ndege iliondoka Ukunda, na saa nne na dakika ishirini tukaisikia. Mgeni rasmi hajafika. Mpito wa kwanza hawakuruka. Walitupa utepe mrefu wa karatasi wenye uzito kwenye ncha, ambao hushuka taratibu kama mtu aliye chini ya mwamvuli. Umati ukapiga makofi ukidhani ndio onyesho lenyewe. Utepe ukatupita, ukaangukia nyuma yetu kama mita mia tatu, upande wa barabara. Hesabu yake si ngumu: umbali huohuo uupeleke kinyume cha upepo, na hapo ndipo pa kufungulia mwamvuli. Kwetu kinyume cha kusi ni baharini. Ndiyo maana boti zilikuwa kule, na kila mrukaji alivaa jaketi la kuokolea.

Redioni dada akaniuliza mawingu. Nikamwambia kuna mwanya, lakini juu hakufai. Wakashuka kutoka futi 5,000 walizopanga hadi 3,500. Mtoto wangu akasoma "kumi na tatu". Halafu sauti ikasema, "Watatu tunatoka. Wa bendera anabaki."

Mrukaji wa nne ndiye aliyebeba bendera ya mdhamini, kubwa kama tanga, yenye uzito chini yake. Kwa upepo ule na urefu ule aliona haifai. Hakujieleza, wala sikumwuliza.

Wakatoka. Nukta tatu, kisha miavuli mitatu ikafunguka mmoja baada ya mwingine, na moshi wa chungwa ukajichora nyuma ya wa kwanza. Sauti ya umati ilikuwa kitu kingine. Kina mama wa mihogo waliacha makarai yao. Wawili walikunja juu ya wimbi, wakauelekea upepo, wakatua ndani ya kamba kama watu wanaoshuka ngazi ya mwisho. Wa tatu alipungukiwa, akatua kwenye mwani, maji ya magoti, hatua arobaini kabla ya mchanga kavu. Boti ikaanza kuja, akawapungia mkono kwamba yu salama, akatembea huku mwamvuli umemlowea begani kama nyavu. Umati ulimpenda huyo kuliko wenzake.

Nikauarifu mnara wa Moi kwamba wote wako chini na ndege inarudi Ukunda. Ilikuwa 0752, nimeiandika. Mgeni rasmi aliingia saa tano na robo, akaonyeshwa video kwenye simu.

Meneja wa mdhamini hakufurahi. Bendera yake ilipanda ndege, ikazunguka, ikarudi ilivyo. Alilipa, kwa sababu ya ule ukurasa wa pili, lakini alilipa kwa kuchelewa na bila salamu. Wiki tatu baadaye akanipigia simu kuniuliza bendera iko wapi, na kama mwakani yaweza kutumika. Nikamwambia iko kwangu, imekunjwa, nayo ni kavu kabisa. Anitajie tarehe kwanza, nitazame mwezi.